Mia Tatu, Mbili Nukta Nane

Lenzi niliinunua kwa mjane wa Atandi, Buruburu,
chai ikipoa, televisheni ikiongea peke yake.
"Mia tatu, mbili nukta nane," alitamka
kama anayesoma namba ya kaburi.
"Marehemu alisema isishuke bei."
Haikushuka. Nilihesabu noti, nyingine za chama.
Chini kabisa ya mkoba, ndani ya soksi ya mtoto,
kikombe kifupi cheusi, kioo huku, kioo huku:
konveta, zidisha kwa mbili.
"Hicho sijui ni cha nini. Chukua tu."

Sasa ni Julai, Nairobi imejifunika blanketi la kijivu.
Saa moja asubuhi, Karura,
Nyaboke wa langoni ananielekeza kwa kidevu:
"Amerudi. Kule upande wa maporomoko."

Na kweli, juu kwenye panda ya mti,
tai wa kishungi. Mbega wote kimya.
Katika lenzi tupu hazidi ukucha wangu wa kidole gumba.

Nafungua soksi. Nasokota konveta mpaka, tak, imekaa.
Mia tatu ikawa mia sita.
Tai akanijia usoni: mabaka ya kifua,
jicho la njano lisilomwomba mtu radhi,
na unyoya, au ni kipande cha ngozi,
cheupe kwa cheusi, kimenasa ukuchani.
Nikasema, alaa!
Halafu giza.

Maana konveta ni kama mikopo ya simu:
unaomba, unaingia hujapepesa jicho,
na makato yake yameshatangulia.
Mbili nukta nane imekuwa tano nukta sita.
Robo ya mwanga ndiyo niliyoachiwa mkononi,
robo tatu imekwenda kulipia ukaribu.
Mota ya lenzi inakwenda, inarudi, inakwenda tena,
mlevi anayetafuta tundu la kitasa.
Napandisha usikivu hadi elfu sita na mia nne:
chengachenga, uji wa mtama usiochujwa.
Napunguza kasi:
tai anageuza shingo, anakuwa moshi.

Atandi yeye alikuwa mtu wa Kasarani,
jua la saa nane, viunzi na dimbwi la maji,
mwanga wa kumwagika, wa kugawia jirani.
Kule unazidisha kwa mbili na chenji inabaki.
Hesabu ya msitu hakunifunza.

Miaka ishirini na mitano nyuma ya kamera,
na siku ya kumzika hatukupata picha yake hata moja.
Tuliikuza ile ya kitambulisho,
tukaiweka juu ya jeneza, kubwa kama dirisha.
Ukisimama mlangoni, ni yeye.
Ukisogea kuaga, ni madoa,
madoa yenye masikio.
Mjane aliitazama kwa mbali, hakusogea.
Mimi nilisogea. Ni kazi yangu kusogea.

Mtaka cha mvunguni huinama;
mtaka cha kileleni, sijui.
Vidole vimekufa ganzi. Naichomoa konveta,
nairudisha kwenye soksi, hadi siku ya jua.
Tai akarudi kuwa ukucha,
lakini ukucha ulio hai, wenye ncha,
na ukungu, na kuvu la kijani kwenye gome,
na matawi ambayo kwa kumtamani sikuyaona,
na mbega mmoja, kumbe, futi thelathini chini yake,
amejikunja kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.
Nikabonyeza mara moja. Mara tatu.
Aliporuka sikumfuata.

Jioni nikamtumia mjane ile picha,
nikaandika: lenzi ya mzee bado inaona.
Alama mbili zikageuka buluu. Akakawia.
Nikafikiri analia.
Kisha akajibu:
"Mti mzuri sana.
Sasa ndege yuko wapi?"